Firigisi Aliyokula Hakimu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyosimama kortini, hakimu ananitazama, babangu ananitazama, na mimi nikasema, "Sikuona kitu." Baba hakunitukana. Alitazama tu miguu yangu, halafu askari akamshika mkono akamtoa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, na kwenye meno yangu bado kulikuwa na nyama ya kuku wa jana yake.

Wacha nirudi nyuma, usije ukapotea. Mimi sikusoma sana, darasa la tatu ndilo lilinitosha, lakini haya nayajua vizuri.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Wapima mashamba walifika huku kwetu upande wa Khwisero, ili kila mtu aandikiwe chake. Kipande chetu pekee, cha chini mtoni, kikaandikwa jina la chifu. Namtaja: Chifu Okwemba. Baba alikuwa na mkonge wa mpaka, aliupanda mwenyewe na mimi nikimshikia kamba. Akaenda kortini. Watu walimwonya, akawacheka. "Mzungu ameenda," akawaambia. "Hakimu sasa ni mtu wetu, amezaliwa na mama kama mimi." Aliamini hivyo kabisa, mwanangu.

Siku moja kabla ya kesi, saa sita mchana, chifu alinitumia askari wake. Nilifikiri naitiwa pingu, kumbe naitiwa chakula. Obusuma, ugali wetu, na ingokho, yaani kuku, mezani, na kwenye kiti cha heshima ameketi Hakimu Muchesia, yule yule wa kesho.

"Keti, mtoto wa Ambani," chifu akasema. "Ama kwenu mmesusa hata kuku wangu?"

Wakacheka. Sasa, huku kwetu firigisi hailiwi na kila mdomo. Ni ya mwenye boma, na akikupa wewe mgeni, amekufanya mtu wa nyumba yake. Mke wa chifu aliileta peke yake kwenye sahani. Chifu akaisukuma kwa hakimu. Hakimu akaila, akafuta vidole polepole. Mimi nikapewa bawa. Nikalila. Nani angekataa, na askari amesimama mlangoni? Lakini lilikuwa tamu pia, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

"Kijana anakulanga vizuri," hakimu akasema. "Mdomo ukishiba hauna maneno mengi."

Nilifika nyumbani nikamwambia baba yote, isipokuwa bawa.

Asubuhi baba akasimama kabla kesi haijasomwa. "Bwana Hakimu, nakuheshimu. Lakini kesi ya ngedere hapewi nyani. Jana ulikula firigisi kwa huyu chifu. Naomba hakimu mwingine."

"Nani aliniona?"

"Mtoto wangu, yule pale."

Hakimu akanigeukia, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wewe. Jana saa sita ulikuwa wapi? Na ulikula nini?"

Hapo ndipo nilielewa lile bawa lilikuwa la nini. Nikisema yeye alikula, basi na mimi nilikula. Na mlangoni askari ni yule yule. Nikasema nilivyosema.

Baba alifungwa miezi sita kwa kuitukana korti. Shamba likaenda. Alirudi na kikohozi, na alipokufa tulimzika kwa wajomba zangu, kama mtu aliyekuwa anapita njia. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwangu mimi mwoga sijasikia hicho kicheko.

Na si sisi peke yetu. Tangu siku hiyo, mtu wa kwetu akisogezewa mpaka haendi kortini, ananoa panga. Nimezika jirani wawili hivyo. Ukiwauliza kwa nini hawashtaki, wanakujibu, "Firigisi nitatoa wapi?" Mimi mwenyewe nikiona gari la serikali naingia ndani. Haya nayaandika mlango umefungwa, na ni mchana.

Kwa hivyo nisikize. Kama siku moja watakuweka uwe hakimu, beba chakula chako, au shinda njaa. Kama wewe ni shahidi, usile kwa mtu kabla hujasema unalolijua. Na kama umekwisha kula, mwanangu, sema hivyo hivyo: nilikula, na yeye alikula. Aibu ingekuwa yangu ya siku moja, na baba angelala kwake. Mungu akupe mdomo ambao mimi sikuwa nao. Uzeeke kwenu, uzikwe kwenu, na mpaka wako usisogezwe na mtu.

Okwemba amekufa. Wanawe wamepanda miwa pale mkonge ulipokuwa. Lakini wewe, Muchesia, u hai, unakula pensheni yako, na kila Jumapili unakaa kiti cha mbele kanisani. Mimi bawa langu nimelikubali hapa, mbele ya kila atakayesoma. Sasa simama na wewe ujibu: ile firigisi uliila kama mgeni, ama uliila kama hakimu?