Sahihi ya Ukurasa wa Mwisho

Cheche, kama walivyomwita karakanani, alibakiza sahihi moja tu. Serikali ilimlipia chuo cha ufundi mwaka mzima, ikampeleka kwa Fundi wa mageti afanye mazoezi miezi sita. Fundi akiona ameiva, atasaini ukurasa wa mwisho wa daftari lake la mazoezi. Bila sahihi hakuna cheti, na kiwanda kilichokubali kumwajiri kilitaka cheti Ijumaa. Sasa ni Alhamisi, na ile miezi sita imeshakuwa kumi na mmoja!

Mwezi wa saba Fundi alisema mshono wake wa kuchomelea mnene. Mwezi wa tisa, eti mwembamba. Na jamani, mageti yote yaliyotoka pale yalikuwa ya mkono wa Cheche. Fundi kazi yake kukaa kwenye kiti cha plastiki na kupokea sifa.

Kilichomkata maini ni Usingizi, mwenzake wa chuo waliyeletwa naye kwa Fundi. Huyo alisainiwa mwezi wa pili tu!

"Dada, mimi niliharibu mageti mawili, akanitimua na sahihi juu," Usingizi alimwambia akicheka. "Wewe unamfanyia kazi nzuri, tena bure. Akuachie ana wazimu?"

Basi Alhamisi hiyo Cheche akaamua: na mimi naharibu. Akapandisha moto wa mashine kupita kiasi ili chuma kitoboke, akashusha kinga ya uso, akaanza kuchomelea. Lakini geti lilikuwa la shule ya chekechea. Akawaona akilini watoto wakining'inia juu yake, bawaba ikiachia. Loo! Mkono ukaongeza mwendo wenyewe, moto usipate muda wa kutoboa. Alipogonga magamba kwa nyundo, mshono ulikuwa umenyooka, hauna hata tundu. Alijichukia.

Fundi akapitisha kidole gumba. "Umeanza kuelewa, mwanangu."

"Basi nisainie, Fundi. Nakuomba. Kesho ndiyo mwisho."

"Haraka ya nini? Kesho wahi, kuna mageti manne."

Cheche akashusha tena kinga ya uso, ingawa mashine ilikuwa imezimwa, akalia humo ndani mpaka kioo kikaingia ukungu.

Nyumbani alimkuta mama yake anapiga pasi shati jeupe la kwendea kiwandani.

"Amesaini?"

"Litundike tu, mama. Kesho nitavaa lile lililotoboka kwa cheche."