Seli Ziko Hai, Kanini Ana Barua ya Onyo

Saa moja asubuhi, Kanini Musau anasugua chupa za kioo kwenye sinki la maabara, mara tatu kwa sabuni, mara sita kwa maji safi. Leo anazisugua kwa hasira. Mfukoni mwa aproni yake mna barua, na anatakiwa kuitia saini kabla ya Ijumaa.

"Wanataka nikubali nilikosea," anasema. "Nilikosea wapi?"

Kanini, 43, mzaliwa wa Kitui, anaishi mtaa wa Kawangware 56, Nairobi. Kwa miaka kumi na mmoja ameosha vyombo katika taasisi hii ya utafiti, kwa shilingi 7,800 kwa mwezi. Aliajiriwa kuosha, lakini hakuna aliyemwambia afumbe macho.

Kwa hiyo anajua kinachofanyika chumba cha pili. Humo hukuzwa seli za neva, na Dkt Yvonne Wagaki anachunguza protini inayozifanya ziendelee kuishi. Ni lazima ziongezewe protini hiyo kila baada ya siku mbili.

"Zikiikosa, zinajimaliza zenyewe," Kanini anaeleza. "Nimeziona kwa darubini. Zinasinyaa tu, basi."

Tarehe mosi Januari mwaka huu wa 2008, siku mbili baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, moshi ulikuwa umetanda Kawangware. Daktari alikuwa amekwama Nakuru. Fundi wa maabara alikuwa Soweto East, Kibera, asiweze hata kutoka mlangoni. Simu ya Kanini ikalia; alikuwa daktari.

"Akaniambia, 'Kanini, tafadhali, kazi ya miaka minne itapotea.' Nikamuuliza nitafanyaje. Akaanza kunieleza, halafu kredo ikamwishia."

Ya Kanini ilikuwa imekwisha zamani. Kadi ya simu ya shilingi hamsini ilikuwa imefika mia moja, nayo haikupatikana. Akashika njia kwa miguu.

Riruta Satellite, vijana wenye mapanga walimtaka kitambulisho.

"Mathe, unaenda wapi?"

"Job."

"Job gani na kumechomeka hivi?"

"Kulisha vitu vya watu."

Walidhani ni kuku. Wakamwachilia.

Langoni alifunguliwa na mlinzi, Nashon Adero, ambaye nyumba yake ya Kibera ilikuwa imechomwa usiku uliotangulia. Kanini alinawa hadi viwiko, akavaa glavu, akafanya kile alichomwona fundi akifanya miaka yote hiyo. Alirudi tarehe tatu, na tena tarehe tano.

Daktari aliporejea, sahani zote ishirini na nne zilikuwa na seli hai. Kisha utawala ukapekua daftari la mlinzi, na barua ikaandikwa: kuingia chumba cha seli bila idhini.

Inakera. Mwezi uliopita wakubwa wa nchi hii walitia saini mkataba wa amani wakapeana mikono, na hakuna aliyeandikiwa onyo. Anayeandikiwa ni mwosha chupa.

Dkt Wagaki, alipoulizwa na gazeti hili, alisema hilo ni suala la utawala. Wiki iliyopita aliwaeleza wafadhili kwamba vurugu hazikuharibu sahani hata moja. Hakueleza ni kwa nini.

"Alipofika aliuliza seli ziko aje," Kanini anasema. "Mimi hakuniuliza nilipita aje."

Ameomba nafasi ya kusomea ufundi wa maabara kuanzia Septemba, na chuo kinataka faili lake la kazi. Akisaini, atakuwa amekiri kosa. Asiposaini, ameambiwa anaweza kufutwa.

Anakausha mikono, anaitoa barua na kuigeuza. Nyuma ni kweupe.

"Nitaandika hapa niliingia siku gani na ni nani alinipigia simu. Niandike zilikuwa ishirini na nne, zote zikapona. Halafu nisaini chini ya maneno yangu," anasema. "Chuo wakitaka faili, wapewe hii karatasi. Waisome pande zote mbili."