Wanasema Nimemroga Farasi Wangu Mwenyewe

Admin, nifichie jina. Hawa watu wamo humu na wanasoma.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Kondoa, nimeolewa upande wa Hombolo. Marehemu baba aliniachia farasi jike anaitwa Shani, tunamkodisha kwenye maharusi Dodoma mjini. Tunaishi ua mmoja na mama mkwe pamoja na shemeji, mdogo wake mume wangu.

Huku kwetu farasi anakula majani makavu karibu mwaka mzima, na majani ya kiangazi hayana madini ya kutosha. Daktari wa mifugo alinielekeza niongeze majani ya lusina, chumvi na chokaa ya mifugo kidogo, na pumba niziogope. Pumba zikizidi, mwili wa farasi unakosa kalisiamu na unaanza kuichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Shemeji nilimweleza yote, akanicheka. "Shemeji, watu wanataka farasi mnene. Mpe pumba ashibe."

Mama yangu akaugua, nikaenda Kondoa kumuuguza kwa miezi kadhaa. Shani nilimwacha mikononi mwa shemeji, akiwa na mimba. Niliporudi nikamkuta kanenepa kweli, lakini uso umevimba pande zote mbili na anachechemea. Chakula chake kilikuwa pumba, asubuhi na jioni. Chokaa niliyoiacha sikuiona, ila chumba cha shemeji kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe.

Daktari alipomwona alisikitika. Alisema mifupa ya uso imeliwa, miguu inaweza kupata nguvu pumba zikiachwa, ila ule uso hautarudi ulivyokuwa.

Jioni mama mkwe akatukusanya. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Akasema, "Tangu lini mnyama akalishwa unga mweupe? Huyu ametuletea mambo ya kwao."

Shemeji naye, bila aibu, akadakia, "Ni ule unga wake, mama. Mimi nilikuwa nampa tu, sikujua."

Nikamuuliza, "Ulimpa unga gani, wakati umeupaka ukutani?"

Nikadhani mume wangu sasa atasema neno. Akaniambia, "Umemdhalilisha mdogo wangu mbele ya mama. Utamwomba radhi, na kuanzia leo mambo ya kulisha ni yake. Hutaki, rudi kwenu."

Jamani, nimepika katika nyumba hii, nimezika nao, nimemwogesha huyo mama mkwe alipovunjika nyonga. Leo mimi ni mchawi. Na msije mkaniambia nivumilie, hiyo nimeshaambiwa mpaka masikio yanauma.

Kuondoka ningeondoka kesho. Lakini daktari amekataza Shani asipandishwe kwenye lori mpaka azae, miguu haitastahimili. Nikienda peke yangu, namwacha kwa wale wale waliomharibu, na mtoto aliye tumboni anahitaji mifupa. Nikiomba radhi, nitabaki, lakini chakula chake sitakigusa tena.

Leo asubuhi nimemkuta shemeji anamwagia pumba. Nilimwambia aache. Akaendelea kumwaga huku ananitazama usoni, na mume wangu alikuwa amesimama pale pale, anapiga mswaki.

Ninyi mliokaa na wakwe, niambieni bila kunionea haya: nimpigie magoti mwongo ili nibaki karibu na mnyama wangu, au nimwache Shani niokoe roho yangu? Mngekuwa mimi mngefanyaje?