Sare ya Zambarau Ukumbini mwa Meli

Nilisafiri kwa sababu ya maneno ya watu. Nalisema hilo mapema, maana wapo jirani zangu wa Misugusugu wanaodhani nilikwenda kula raha tu. Raha niliikuta mbele ya safari, na nikaila kwelikweli. Lakini kilichonitoa kwenye duka langu la vitenge na lesi kando ya barabara ni Zuhura, binti wa marehemu kaka yangu, ambaye ni mhudumu kwenye meli kubwa ya watalii. Kwao Kisarawe walishaanza kumsema. Msichana yuko baharini mwezi baada ya mwezi, nyumba ya mama yake imepigwa bati jipya, na hakuna aliyewahi kumwona akiwa kazini. "Kazi gani hiyo?" wakawa wanaulizana, tena kwa sauti ya kusikika. Mama yake, wifi yangu Hawa, aliyasikia mpaka akaacha kwenda kwenye shughuli za wenzake.

Zuhura alipopata nafasi ya kualika ndugu wawili melini, akatuita sisi. Wifi alikubali kwa sababu moja tu: anataka kumwona mwanawe akifanya kazi, kwa macho yake mwenyewe. Habari za visiwa na mabwawa ya kuogelea hazikumhusu.

Kisarawe, wiki chache kabla ya safari. Nilikwenda kwa bodaboda kwa njia ya Kiluvya, nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Nikamkuta wifi uani anamenya mihogo. Tukampigia Zuhura, simu tukaiweka juu ya kigoda katikati yetu.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuambie, huko watu wanavaa nini?"

"Mchana vaeni mnachotaka, shangazi. Ila kuna jioni mbili za mavazi rasmi. Wanaume suti nyeusi na tai ya kipepeo, wanawake magauni marefu. Ukija na ndala au kaptula, ukumbini huingii. Na jioni ya pili ndiyo kubwa. Wahudumu wote tunaingia kwa maandamano, tunatajwa majina mmoja mmoja. Hiyo msikose."

"Haya. Sare rangi gani?"

"Sare gani tena, shangazi?"

"Sare ya shughuli! Kamati imechagua rangi gani?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Hakuna kamati wala sare. Kila mtu anavaa lake."

Sikumwamini hata kidogo. Mimi nimekaa kwenye kamati za harusi kuanzia Magindu mpaka Kisarawe, na sijaona shughuli ya maana isiyo na sare. Nikasema moyoni, kama wao hawana rangi, sisi tutakuwa nayo. Nikachagua lesi ya zambarau iliyokoza, yenye shanga, ile ninayowafichia wateja wangu wakubwa.

"Wifi, mimi mabega nje sitaki," wifi akaniwahi kabla sijamaliza kuikunjua. "Mgongo nje sitaki. Na ule mpasuo wa mguuni usinionyeshe hata kwenye picha."

"Sasa utabaki na nini?"

"Nitabaki na heshima yangu."

Basi gauni lake likafungwa shingoni, mikono mpaka kwenye viganja, kilemba na mtandio wa lesi ileile. Langu nikaliachia mkia nyuma. Fundi akaniuliza kama naolewa tena, nikamwambia ashone aache umbea.

Mombasa, ambako meli ilikuwa ikitusubiri. Basi lilitupitisha Chalinze, Segera na Tanga mpaka Horohoro, na pale pasi zetu mpya zikagongwa muhuri kwa mara ya kwanza. Wifi aliibana yake kifuani njia nzima. Tulipofika bandarini na kuiona ile meli, miguu ikagoma. Ni maghorofa yamepangwa juu ya maji.

"Hii inaelea?" akaniuliza.

"Inaelea."

"Na mwanangu yumo humo?"

"Yumo, wifi. Twende."

Zuhura alitupokea, akatukumbatia harakaharaka, akatuonyesha chumba, kisha akakimbilia kazini. Siku za mwanzo hatukumwona zaidi ya hapo. Yeye alihudumu kwenye ukumbi mkubwa wa chini, na wifi alikataa kushuka kwa kuogopa zile uma nyingi mezani. Tukawa tunakula ghorofa ya juu kwenye chakula cha kujipakulia, mimi nikipakua kama nimetumwa na kijiji kizima.

Jioni ya kwanza ya mavazi rasmi. Nilimpaka wifi wanja, nikamfunga kilemba, tukashuka. Jamani! Ngazi nzima iling'aa. Wanaume wamevaa suti nyeusi, shati jeupe, tai ya kipepeo shingoni. Wanawake magauni ya hariri yanayoburuzika, mengine mabega wazi mpaka wifi akawa anatazama viatu vyake. Palikuwa na bibi wa Kihindi kavaa sari yenye pindo la dhahabu, nikatamani nimuulize kainunua wapi. Na palikuwa na mzee mmoja mrefu, mzungu, kavaa koti zuri jeusi, chini yake sketi ya mirabaraba yenye marinda, soksi ndefu mpaka magotini. Wifi akanibana mkono.

"Huyu kavaa ya mkewe?"

"Nyamaza, wifi, wasitusikie."

Zuhura alisema kweli, kila mtu alivaa lake. Hapakuwa na watu wawili waliofanana ukumbi mzima, isipokuwa sisi. Zambarau kwa zambarau, shanga kwa shanga. Watu wakageuka. Bwana mmoja akatusogelea kwa adabu, akaniuliza kwa Kiingereza tunaanza kuimba saa ngapi. Kabla sijamjibu, kijana wa jukwaani akaja mbio, akatuelekeza kwenye vyombo vya muziki na kutaka kujua tunahitaji vipaza sauti vingapi. Nilicheka, jamani, nikacheka mpaka nikatafuta kiti.

Wifi hakucheka. Nilipomtafsiria, uso ukamshuka.

"Turudi chumbani."

"Wifi, hata chakula hakijaja! Na Zuhura hujamwona."

"Nyumbani wanamsema mwanangu kwa kazi yake. Na huku asemwe kwa ajili yangu? Nimekuwa kichekesho mimi."

Akaondoka. Nikamfuata mbio, mkia wa gauni langu ukabanwa na mlango wa lifti, ikabidi wazungu wawili waje kuninasua. Usiku ule ilinichoma sana. Sare ile nilikuwa nimeilazimisha mimi.

Visiwani, siku zilizofuata. Tuliteremka Komoro, tukateremka Shelisheli. Maji yalikuwa mazuri yasiyoelezeka, nikapiga picha mpaka simu ikajaa. Wifi alitembea nami akiitikia "ndiyo, pazuri", lakini mawazo yake hayakuwapo. Jioni ya pili ilipokaribia akatangaza haendi. Nilimbembeleza, nikamtania, nikamtishia kwamba nitakwenda na kumtangaza kuwa ni mgonjwa wa tumbo. Wapi! Nikamwona kichwani mwangu anarudi Kisarawe bila alichokifuata, na waliokuwa wakiuliza waendelee kuuliza.

Mchana wa siku hiyo hodi ikapigwa. Zuhura, yuko kwenye mapumziko mafupi, jasho usoni.

"Mama, shangazi ameniambia huji."

"Nitakuaibisha mbele ya wakubwa wako, mwanangu."

"Uniaibishe?" Akakaa chini pale zuliani, miguuni pa mama yake. "Mama, kila safari tunaingia ule ukumbi. Abiria wanapunga vitambaa, na sisi tunatabasamu kwa watu tusiowajua. Wenzangu wote wametoka mbali, hakuna mwenye mtu. Leo mimi nina mama yangu ndani ya meli. Usipokuja, niingie kwa ajili ya nani?"

Nikaona kidevu cha wifi kinacheza, na mimi nikageukia dirishani, maana nilijua nikimtazama tutalia wote watatu.

"Gauni langu limejikunja," akasema hatimaye.

Zuhura akalinyakua, akatoka nalo mbio, akalirudisha limenyooka. Mimi nikamwambia wifi kwamba nitavaa gauni langu jingine, la kijani, ili tusifanane.

"Thubutu! Umenishonea sare, halafu niivae peke yangu? Watadhani nimekuja bila ndugu."

Jioni ya pili. Tulikwenda na zambarau zetu, tumeshikana mikono. Tukapangiwa meza moja na yule mzee wa sketi. Nikamtupia maswali kwa Kiingereza changu cha dukani. Akajibu bila kuona vibaya kwamba mirabaraba ile ni ya ukoo wao. Baba yake aliivaa, kaka zake wanaivaa, na wakikutana kwenye sherehe wote wanakuwa na kitambaa kimoja. Nikamtafsiria wifi.

Akaweka uma chini. "Kumbe na yeye kavaa sare!"

"Sare ya ukoo, wifi!"

"Basi mwambie na sisi ni ukoo mmoja."

Nikamwambia. Mzee akainuka, akatuinamia mmoja mmoja, na wifi akacheka kicheko chake cha Kisarawe, kile ambacho nilikuwa sijakisikia tangu kaka yangu alipofariki.

Baada ya chakula taa zikapunguzwa, muziki ukapigwa. Wahudumu wakaanza kuingia kwa mstari, kila mmoja na sinia la vitamutamu mikononi, abiria wakizungusha vitambaa vya mezani juu ya vichwa. Jina likitajwa na nchi ikitajwa, watu wanapiga makofi. Halafu tukasikia, "Zuhura! Tanzania!"

Vigelegele vilitoka kwa wifi. Vile virefu, vya kumtoa mwali ndani. Ukumbi mzima ukageuka, na safari hii hakujali. Akainuka, akaingia katikati kwa mwendo wa kucheza, taratibu, mabega yakijibu ngoma. Kwetu mtu haendi kutunza peke yake, kwa hiyo nami nikakusanya mkia wangu, nikafuata nyuma. Zuhura alisimama na sinia lake, mikono yote miwili haina nafasi, machozi yakimtiririka. Mama yake akamfikia, akachukua ncha ya mtandio wake, akamfuta uso. Shavu hili, shavu lile, mpaka kwenye paji.

"Nimekuona," akamwambia. "Nimekuona, mama yangu."

Nilipogeuka, yule mzee wa sketi yuko nyuma yangu anacheza, kitambaa mkononi, na nyuma yake bibi wa sari, na nyuma yake mstari wa watu sijui ulianzia wapi. Walidhani ndivyo inavyotakiwa. Mkuu wa ukumbi alisimama pembeni akitazama mstari wake wa wahudumu ukivurugika, kisha naye akaanza kupiga makofi. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Safari ya kurudi, nikawa nafikiria nitawaambia nini wateja wangu. Mkijaliwa safari ya namna hii, chukueni gauni refu mnaloweza kulipandia ngazi, viatu vilivyofunikwa, na mtandio mzito kwa sababu kiyoyozi cha ukumbini hakina huruma. Mkia wa gauni acheni, lifti zina uadui nao. Sare shoneni tu, ila mkiulizwa mnaimba saa ngapi, jibuni saa yoyote. Nimejifunza pia kwamba katika ukumbi wa namna ile watu wanakuangalia kidogo sana kuliko unavyodhani, na wanaokuangalia wengi wao wanataka kufurahi na wewe.

Kisarawe, siku ya pili baada ya kufika. Uani kwa wifi palijaa wanawake. Nilikuwa na picha zangu kwenye simu, nimejiandaa kuwaonyesha magauni moja baada ya jingine. Bi Sikudhani, jirani aliyekuwa mbele kwenye yale maneno, akakaa kwenye mkeka karibu kabisa na wifi.

"Haya, tuambie," akasema. "Jioni hizo za kifahari, nani aliyevaa akapendeza kuliko wote?"

Nikafungua simu. Wifi akanishika mkono, akanizuia.

"Mwanangu," akasema. "Koti jeupe, vifungo mistari miwili mpaka hapa. Jina lake limeandikwa hapa, kifuani. Viatu vyeusi vinang'aa. Analifua mwenyewe, analipiga pasi mwenyewe, na anabeba sinia zito la watu wanane bila kumwaga tone. Hiyo ndiyo kazi yake, Bi Sikudhani. Uliza lingine."