Motokari Iliyoinamishwa Pua

Nakumbuka asubuhi ile Bauma aliporudi kijijini kwetu Karuba na motokari yake imeinamisha pua, mwanangu, kama mbwa anayefuata harufu. Bauma alikuwa mchumba wangu. Ng'ombe wake wa mahari walikuwa tayari katika zizi la Papa, baba yangu, na mimi, msichana wa shule ya masista, niliona haya hata kumtazama usoni.

Nikuambie alichofanya. Mbele ya gari, kila upande, kuna resori: vyuma virefu vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, njo vinabeba uzito. Bauma alitoa baadhi ili gari lishuke. Aliona vijana wa Bukavu wanafanya hivyo. Na ilipendeza, sikudanganyi. Lakini hakuna kizuri kisicho na ila.

Papa akaizunguka polepole.

"Bauma, hii gari iko mugonjwa?"

"Hapana, Papa. Njo vile banafanya ku Bukavu."

"Bukavu iko na barabara. Sisi tuko na mawe na mifereji ya malori."

"Basi Papa ubaki na tipoyi yako!"

"Tipoyi haikwamake tumbo."

"Na haina moteri!"

Watu wakacheka. Hata mimi, nyuma ya kiganja.

Tipoyi wewe huijui. Ni machela ya mianzi tuliyobebea wagonjwa hadi hospitali ya misioni. Kila mlima ulikuwa na wabebaji wake, na mwanaume aliyekosa zamu alitozwa kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, wenzake wakainywa mbele yake. Tangu motokari ya Bauma ifike, ya kwanza mlimani kwetu, wabebaji walitawanyika. Mianzi ya tipoyi, mtu aliichukua akafungia ndama. Wazee husema usiache mbachao kwa msala upitao; sisi tuliuacha, tena kwa vigelegele.

Majira ya mvua yakaingia. Dada yangu Furaha akashikwa na uchungu, na mtoto hataki kushuka. Tukampakia katika motokari, Mama akamshika kichwa, mimi miguu. Kwa uzito wetu pua ikazidi kuzama. Hatukufika hata mtoni. Malori yalikuwa yamechimba njia pande zote mbili na kuacha mgongo wa udongo katikati. Gari likaukalia kwa tumbo, magurudumu yakizunguka bure.

"Mushuke! Mushuke bote!" Bauma akapiga kelele.

"Huyu atashukaje?" Mama akamuuliza.

Bauma akaingia chini ya gari, akachimba tope kwa mikono huku analia. Nilimwona, siwezi kusema hakulia. Wanaume walipokuja, hapakuwa na tipoyi. Wakakata miti mibichi, wakafunga vitenge vyetu. Miti ikateleza, wakafunga tena. Furaha aliniomba maji, nikamkingia mvua kwa kiganja. Tulifika hospitali na maiti, na mtoto ndani yake.

Wiki iliyofuata Bauma alirudisha vile vyuma. Gari likasimama juu, zuri kabisa. Kwa nani sasa?

Wazee wake walikuja kupanga arusi. Wakasema ni mapenzi ya Mungu. Ndipo mimi, niliyekuwa sijawahi kufungua mdomo mbele ya wanaume, nikasema: "Mungu hakutoa resori." Papa akainuka, akaenda kufungua zizi. Ng'ombe wakarudi kwao. Mpaka leo sijui kama nilimchukia Bauma ao nililichukia lile cheko langu. Vyote viwili vinauma.

Mwanangu, kitu kinachobeba watu si chako peke yako, hata kama kimenunuliwa kwa jasho lako. Kabla hujakipunguza nguvu ili upendeze, jiulize nani atakipanda siku ya mvua. Na ukiletewa kipya, usivunje cha zamani kabla kipya hakijavuka tope. Mzee akikuuliza, usimjibu kwa kichekesho. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akupe macho ya kuona uzito wa mwenzako. Na wote utakaowabeba, akufikishe nao wakiwa hai.