Jina Chini ya Dashibodi

Mkitaka kunicheka nichekeni, lakini hili sikuhadithiwa. Lilinikuta mie mwenyewe, hapa Tabata, mchana kweupe wa Ijumaa, majirani wakiwa msikitini.

Nilikuwa nauza Landrova ya zamani. Tuliifufua wawili, mie na rafiki yangu Shomari, kwenye gereji yetu ya uani. Nasema wawili kwa mazoea tu. Mie nilitafuta spea na kupiga rangi. Kukata bodi, kuinua springi, kuunda keria na bampa la chuma, yote alifanya Shomari. Alipomaliza akachomelea jina la bintiye chini ya dashibodi: ZUHURA. Haikupita miezi miwili, malaria ikamchukua.

Aibu yangu inaanzia hapo. Niliipiga picha, nikaiweka mtandaoni, nikaandika: "Kazi ya mikono yangu." Watu wakanisifu, nami nikavimba kichwa. Jina lile likawa linanikera. Mteja akiuliza Zuhura ni nani, ningesemaje? Nikachukua grenda, nikalisaga hadi pakawa laini, nikapaka rangi juu.

Ijumaa hiyo akaja mtu, kofia kaishusha hadi machoni. Akafungua mlango wa dereva kwa kuunyanyua kidogo kwanza. Nani alimwambia kwamba mlango ule haufunguki bila kunyanyuliwa? Akakaa, akapitisha mkono chini ya dashibodi.

"Hii kazi ya nani, braza?"

"Yangu. Mwanzo mwisho."

"Hukusaidiwa?"

"Na nani? Mie mwenyewe tu."

"Na jina lililokuwaga hapa?"

"Hapajawahi kuwa na jina."

Alipoutoa mkono nikaona kidole gumba hakina kucha. Kucha ya Shomari iling'oka mbele ya macho yangu, siku giaboksi ilipomdondokea.

"Haya, fundi," akasema, kwa upole kabisa. Akashuka, akazunguka nyuma ya gari. Nikamfuata. Hakuwepo, na komeo la geti lilikuwa vilevile nilivyolifunga asubuhi.

Nikarudi kupapasa chini ya dashibodi. Chuma kilikuwa cha moto, kikanibabua vidole vitatu. Nikachungulia. ZUHURA hiyo hapo, herufi zote sita, mbichi.

Unadhani nilitubu? Wiki iliyofuata nikamuuzia gari bwana mmoja wa Kigamboni. Akaliona jina, akauliza ni la nani. Nikamjibu, "La binti yangu."

Naona haya hata kulisema.

Zuhura sasa yuko darasa la nne. Juzi alipita getini. "Shikamoo, baba mdogo. Eti kweli baba aliandika jina langu kwenye gari?"

Nikamwambia sijui. Vidole vitatu vikaanza kuwaka moto upya, na hadi leo havijapoa.

Basi wewe unayeuza kazi ya marehemu, mtaje yeye kabla hujataja bei. Usingoje aje mwenyewe kuuliza.