Sikio Aenda Kutazama Mpira

Kama umewahi kupiga simu ile hospitali kubwa, basi umeshaongea na Sikio. Yeye ndiye anayepokea. Ana chumba chake kidogo nyuma ya mapokezi, kina feni, kiti cha kuzunguka kilichochanika mkono mmoja, na mashine ya simu yenye vitufe ambavyo vidole vyake vinavijua kuliko vifungo vya shati lake mwenyewe. Haoni. Homa ilimchukua macho hata rangi hajajua kuzitaja, kwa hiyo hana anachokumbuka cha kukililia. Lakini hilo sikio sasa! Mtu akishusha pumzi tu upande wa pili, hata haloo hajasema, yeye keshamjua: "Ni wewe wa wodi ya watoto? Mafua bado hayajaisha?" Wauguzi wanasema ana majini. Majini gani! Ni udadisi tu, udadisi wa kukera, wa mtu ambaye asipouliza hajui.

Na katika yote anayoyadadisi hapa duniani, mpira unaongoza. Mpira wa redioni. Sikio anaweza kukusimulia bao la miaka ile mpaka ukaapa alikuwepo, amesimama nyuma ya kipa. Ila kuna jambo lilikuwa likimsumbua tangu ujana, na halikumpa raha: je, mtangazaji akinyamaza, mpira wenyewe unasikikaje? Kuna kitu pale uwanjani, au vyote ni maneno ya mtangazaji na chumvi zake?

Nyumbani watangazaji wake walikuwa wawili, binti yake na mwanawe. Binti anaitwa Bibi, maana amezaliwa na sura ya bibi yake mzaa baba na mdomo wake vilevile. Mdogo anaitwa Chogo, na ukimwona kwa nyuma huulizi kwa nini. Bibi tangu anajifunza kusema alikuwa akimwambia baba kila kitu: nani kanyoa, duka gani limepakwa rangi, paka wa jirani kakaa wapi na anamwangalia nani kwa dharau. Walikuwa hawaachani mkono. Halafu mwaka huu, alipoingia darasa la tatu, mambo yakabadilika. Baba akiuliza, "Mama, kule kuna nini, mbona kelele?" anajibiwa, "Hamna kitu, baba." Wakifika karibu na shule, mkono unachomolewa, taratibu, kwa kisingizio cha kufunga kamba ya kiatu. Kamba gani hiyo inayofunguka kila siku mahali palepale? Sikio hakuwa mjinga. Alijua mtoto ameanza kuona haya kuonekana na baba wa fimbo nyeupe. Hakumgombeza. Lakini ilimuuma, tena ilimuuma vibaya, na hakumwambia mtu, hata mkewe.

Ndipo dada yake, anayeishi ng'ambo, akamwalika likizo na watoto. Mkewe alibaki nyumbani na kichanga. Dada mtu anafanya kazi jikoni katika uwanja wa mpira wa huko, timu za kulipwa, uwanja wa kumeza mji mzima, na kazini kwake walimpa tiketi tatu.

"Lakini kaka," alisema huku anamenya viazi, "usinichukie. Watoto nawaelewa. Wewe unakwenda kutazama nini?"

"Nakwenda kujua," alisema Sikio.

"Kujua nini?"

"Ningekuwa najua ningekaa hapa nile viazi."

Siku ya mechi dada mtu aliwafikisha mpaka kwenye viti, akamkabidhi Chogo mfuko wa maandazi, akawaonya kwa kidole: yeye anaingia jikoni, mechi ikiisha asitoke mtu, wakae hapohapo mpaka awafuate. Akaenda zake. Basi wakabaki, mtu asiyeona na watoto wawili, katikati ya umati unaoongea lugha ambayo hata mmoja wao haijui. Spika zilikuwa zinabwabwaja juu huko. Sikio alikuwa hajiwezi kwa furaha. Alikipapasa kiti, kumbe kinajikunja chenyewe ukisimama. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Akavuta harufu ya nyasi zilizokatwa siku hiyohiyo. Akapigapiga sakafu kwa fimbo asikie kama chini kuna uwazi.

"Baba, tulia," Bibi alinong'ona. "Watu wanatuangalia."

"Wakoje hao watu?"

"Wa kawaida."

Haya. Sikio akamgeukia Chogo, na Chogo hana uchoyo wa maneno. Shida ya Chogo ni kwamba kila kitu kwake ni habari. Kuna mzee kavaa kofia ina pembe. Kuna ndege kaingia, kakaa, katoka. Kuna mtu kavaa dubu, yaani dubu mzima, anacheza! Sikio akawa anachuja kama anavyochuja simu za asubuhi, akingoja neno mpira. Likafika.

"Baba, wanapiga! Yule kapiga! Kipa kaanguka! Gooooli!"

Kwa mtu aliyelelewa na redio, ukisema goli hivyo umemwasha. Sikio aliruka, mikono juu, akaachia ukelele wa kitangazaji, ule mrefu usio na nukta, akataja na nyavu kutikisika na mashabiki kuchanganyikiwa. Alipovuta pumzi ya kuendelea, akagundua yuko peke yake. Umati ulikuwa unapiga soga zake. Kisha nyuma yake mtu akacheka, na wa pembeni naye, na safu nzima.

"Kaa chini!" Bibi alimvuta shati, na sauti ilikuwa karibu na machozi. "Mechi hata haijaanza! Wanapasha misuli tu, baba!"

"Lakini lilikuwa goli," alisema Chogo, akitafuna.

Sikio alikaa. Kucheka kwa watu hakukumtia hasara, wenyewe walikuwa wanacheka vizuri tu, mmoja hata alimpigapiga bega. Kilichomkata ni kwamba Bibi alisogea. Alikisikia kitambaa cha gauni kikihama kwenda ukingo wa pili wa kiti. Akajisemea moyoni: nimemwaibisha mwanangu ng'ambo, kana kwamba nyumbani haikutosha.

Kipenga kililia. Na hapo, pamoja na huzuni yake, udadisi ulimshinda nguvu. Kumbe kipo kitu! Mpira ukipigwa upande wa mbali sauti yake inachelewa na inafika nyembamba. Ukipigwa karibu, unagonga kifuani. Kumbe watu maelfu wakivuta pumzi kwa pamoja, hewa inapungua kabisa usoni! Viti vilikuwa vikijikunja pa-pa-pa kutoka kushoto kuja kulia, maana watu walikuwa wanainuka kufuata mpira, na yeye akaufuata kwa sauti ya viti. Redio haikuwahi kumwambia habari za viti. Akasahau kunyamaza, akaanza kujitangazia polepole:

"Anakuja winga wa kulia... watu wameinuka... ametoa krosi, imetoka, ni kona."

"Siyo kona," alisema Bibi.

Alisema kwa hasira, kama mwalimu. Sikio akatega.

"Ni kona hiyo, nimesikia."

"Siyo! Ni mpira wa kurusha. Anaurusha yule mwenye nywele ndefu. Na si winga wa kulia, ni wa kushoto, wewe umekaa kinyume."

Aha! Huyu mtoto na mdomo wa bibi yake: kunyamaza anaweza, ila kuvumilia kosa, hawezi. Sikio akajitia hamnazo. Akasema refa katoa kadi. "Hajatoa!" Akasema kipa kaudaka. "Kaupangua kwa ngumi!" Akasema beki yule mfupi anacheza vizuri. "Mfupi yupi? Hakuna beki mfupi, baba, wote warefu, mmoja ana bandeji kichwani!" Kadiri baba alivyokosea ndivyo binti alivyomwaga maneno, na lile gauni likawa linarudi, kidogokidogo, mpaka bega lake likamgusa mkono. Sikio akanogewa. Akakosea kupita kiasi. Akasema refa ndiye aliyepiga kichwa.

Bibi akamgeukia.

"Baba," alisema, "unafanya makusudi."

Angeweza kukana, ila tangu lini amemdanganya mtoto huyu akafanikiwa? "Ndiyo," alisema. "Nafanya makusudi. Nimekumisi, mama. Siku hizi huniambii kitu."

Uwanja ulipiga kelele kwa jambo fulani, na kwa mara ya kwanza maishani Sikio hakujali ni jambo gani. Alisikia Bibi akipumua kwa pua, kama mtu anayezuia kitu. Kisha mkono wake wa kushoto ukavutwa, kiganja kikafunuliwa, na kidole kidogo chenye sukari ya maandazi kikapita pembezoni, kikazunguka chote.

"Huu ndio uwanja," Bibi alisema. "Goli hili, karibu na dole gumba. Goli la pili huku. Sisi tumekaa hapa. Usikunje."

Hakukunja. Kidole kilianza kukimbia. Kikatoka chini ya kidole kidogo, kikapiga chenga katikati, kikarudi nyuma, kikasimama. "Faulo." Kikaondoka tena, na mdomo nao unaenda, na safari hii Sikio hakuwa na haja ya viti wala pumzi za watu. Kilikatiza kiganja kwa kasi, kikakaribia dole gumba, halafu kikapotea. Mtoto alikuwa amesharuka juu, anapiga mayowe na maelfu wenzake, Chogo anamwaga maandazi, mtu wa nyuma amemkumbatia Sikio shingo. Yeye alibaki ametandaza kiganja hivyohivyo, akingoja. Bibi alirudi anahema, akaushika mkono kwa mikono yake yote miwili, akabonyeza kiganja kwa ukucha mpaka kikauma.

"Hapa. Umeingia hapa, baba. Kwenye pembe kabisa."

Mechi iliisha, watu wakatoka, spika zikanyamaza. Chogo alishalala, kichwa kwenye paja la baba. Sikio hakuuliza kitu tena. Aliogopa hata kukohoa. Na Bibi alikuwa bado anaongea: viti vimebaki vyekundu vitupu, wanaume wawili wanakanyagiakanyagia nyasi zilizochimbuka, yule dubu amevua kichwa, kumbe ndani ni mama mtu mzima anakunywa maji.

Dada mtu alitokea kwenye ngazi, aproni mkononi. "Haya, twendeni, nimechoka mimi."

"Ngoja kwanza, shangazi," alisema Bibi, bila kukiachia kiganja. "Bado namwonyesha."